Ngata ya Bega Si Ruhusa ya Kutuongezea Mzigo

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, juu ya likizo, na juu ya wenzetu wanaoachishwa kazi bila sababu. Leo tunawaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi hukiona si kitu: kile kitambaa, au kile kipande cha godoro, ambacho mchukuzi hukiweka begani kabla ya kutwikwa mzigo. Akina mama wanaochukua kichwani wana ngata, na jina hilo linajulikana kwa Kiswahili na kwa Kirundi pia. Kile cha begani hakina jina lake. Sisi hapa tutakiita ngata ya bega.

Tumeona tuandike kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila siku tunawaona wenzetu wakijiwekea ngata mbovu, nao hawajui kwamba ni mbovu mpaka mkono uanze kufa ganzi. Ya pili ni kubwa zaidi: wapo waajiri walioanza kutoa ngata hizo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaongeza mzigo. Jambo la kwanza ni la maarifa, na la pili ni la haki. Yafaa tuyaseme yote mawili pamoja, maana anayejua moja tu atadanganywa kwa lile jingine.

KAZI YETU NA MABEGA YETU

Sisi wa Kigwena hatuhitaji kuelezwa mzigo ni nini. Nchi hii ya Imbo, kutoka Rumonge kuteremka mpaka Nyanza-Lac, ni nchi ya michikichi. Mkungu wa chikichi hukatwa juu, huanguka chini, na kutoka hapo mtu ndiye gari lake. Mkungu mdogo una kilo chache tu, lakini mkungu wa mti uliokomaa vizuri waweza kupita kilo 20. Tena mkungu huo una miiba. Miiba hiyo huchoma shati, huchoma ngozi, na kidonda chake kikiachwa hivi hivi kwenye udongo na mbolea huweza kuleta pepopunda.

Baada ya mkungu huja mawese. Bidoni ya lita 20 ikijaa mawese ina kilo 18 hivi, bila kuhesabu bidoni yenyewe, na wengi wetu huzitundika mbili kwenye mzega na kuweka mti begani. Pale ufukweni kuna makreti ya mikeke na magunia ya ndagala. Katika maghala kuna saruji, mfuko mmoja kilo 50. Na wenzetu wa kahawa wanajua kwamba gunia la kahawa katika biashara ya dunia huhesabiwa kilo 60.

Kuchukua mzigo si aibu. Kiswahili hiki tunachokiandika kilifika kwenye ziwa letu pamoja na majahazi na misafara, na misafara hiyo ilitembea kwa mabega ya watu. Wapagazi waliotoka pwani mpaka Ujiji, wengi wao Wanyamwezi, walichukua mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 27 hadi 32, kwa miezi kadhaa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya wakoloni yalichukua wapagazi kwa maelfu na maelfu kubeba risasi na vyakula vya askari, na wengi wao hawakurudi makwao. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Jina limebaki sokoni, na wenyewe wengi wao hata makaburi yao hayajulikani.

Basi tangu zamani bega la mchukuzi limejenga biashara za watu wengine. Tunaloomba ni kwamba bega hilo lihesabiwe kuwa ni kiungo cha mtu, kama jicho lilivyo kiungo cha mtu.

BUNDUKI INATUFUNDISHA NINI

Mtatuuliza: sendika na bunduki wapi na wapi? Subirini kidogo, tuna maana yetu.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofyatua bunduki ya marisau kwa mchezo tu. Hurushiwa visahani vya udongo hewani, nao huvipiga. Bunduki ikifyatuliwa, marisau huenda mbele na bunduki hurudi nyuma, ikapiga bega kwa kitako chake kama teke la punda. Mtu akipigwa mara moja haoni taabu. Lakini katika Olimpiki mpigaji hufyatulia visahani 125 kabla hata ya kufika fainali, mbali na mazoezi yake ya kila siku. Bega lingevimba likawa jeusi.

Kwa hiyo watu hao wametengenezewa kizibao maalumu. Begani pana mfuko, na ndani ya mfuko hutiwa kipande cha mpira au sponji nzito. Wako wanaokaa dukani saa nzima wakichagua kipande hicho: kisiwe chembamba mno, kisiwe kinene hata kitako kisikae vizuri, kisiwe laini hata kikabonyea chote, kisiwe kigumu kama ubao. Mafundi wamekifikiria kwa makini, na viwanda vinakitengeneza.

Sisi hatuwaonei wivu. Mtu na mchezo wake. Lakini tunauliza: ikiwa bega la mtu anayecheza siku ya mapumziko limefikiriwa namna hiyo, kwa nini bega la mtu anayechukua mikungu tangu alfajiri liachiwe shati lililochanika? Mababu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Anayeutazama akiwa kivulini huuona mwepesi.

Na kuna jambo la pili katika habari hiyo ya bunduki, nalo ndilo tunalotaka mlishike. Watu hao hawakutosheka na mpira begani. Shirikisho la dunia la michezo ya kulenga shabaha limeweka kikomo cha marisau yanayoruhusiwa katika kila risasi ya mchezo huo: gramu 24, basi. Marisau yakipungua, teke nalo hupungua. Kwa hiyo bega la mpigaji limekingwa na vitu viwili kwa pamoja, mpira begani na kipimo katika risasi. Hakuna anayemwambia, "Kwa kuwa umevaa mpira mzuri, leo tutakutilia marisau mara mbili." Lakini maneno ya namna hiyo sisi twaambiwa.

NGATA INAFANYA KAZI GANI

Kabla ya kuchagua kitu, lazima ujue kazi yake. Ngata haipunguzi uzito. Kilo 40 zitabaki kilo 40 hata ukiweka ngata ya hariri. Kazi yake ni kutawanya uzito ule ili usikae mahali pamoja.

Tufanye hesabu, na hesabu hii kila mtu aliyemaliza shule ya msingi ataiweza. Chukua mti wa mzega wenye upana wa sentimeta 4, unaolala begani kwa urefu wa sentimeta 8. Nne mara nane ni 32. Basi kilo 40 zinakaa juu ya sentimeta za mraba 32, na kila sentimeta ya mraba inapata zaidi ya kilo moja. Sasa weka chini ya mti ule ngata imara yenye upana wa sentimeta 10 na urefu wa 16. Kumi mara kumi na sita ni 160. Ngata ikitawanya mzigo sawasawa, kila sentimeta ya mraba inapata robo kilo. Mzigo ni ule ule, lakini nyama na mishipa imepata nafuu mara tano.

Na mishipa hiyo si ya mchezo. Chini ya mtulinga hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda mkononi. Kamba au mti ukiibana muda mrefu, vidole hufa ganzi, na mkono hulegea usishike hata kikombe. Ugonjwa huo waganga wanaujua sana kwa askari wanaovaa mabegi mazito mgongoni. Askari akiupata hupelekwa hospitali. Mchukuzi akiupata huambiwa amekuwa mvivu.

Lakini tukumbuke pia kile ambacho ngata haiwezi. Uzito ukisha kupita bega hushuka kwenye uti wa mgongo, kwenye nyonga, na kwenye magoti. Huko hakuna ngata. Mama anayechukua kichwani, ngata yake inakinga ngozi na fuvu, lakini shingo yake inabeba kila kilo. Mtu asijidanganye kwamba kwa kuwa bega haliumi, mgongo nao hauumii.

JINSI YA KUCHAGUA

Baada ya maelezo hayo, haya ndiyo tunayowashauri wenzetu. Tumeyakusanya kwa wachukuzi wenyewe, na kwa mafundi cherehani wanaowashonea.

Kwanza, ijaribuni kwa mzigo, msiijaribu kwa kidole. Sponji ya godoro kuukuu ukiibonyeza kwa kidole huiona nzuri na laini. Ukiweka bidoni mbili juu yake inalala kama karatasi, na hapo ni sawa na kutokuwa na kitu. Weka mzigo wako wa kawaida juu ya ngata kwa muda wa dakika chache, kisha uondoe. Kama ngata haikurudi kama ilivyokuwa, usiichukue.

Pili, iwe na tabaka mbili. Juu, upande wa mzigo, pawe na kitu kigumu kidogo: ngozi, au mpira wa ndani wa tairi uliokunjwa mara mbili tatu, au gunia la katani lililoshonwa pamoja. Tabaka hiyo ndiyo inayotawanya uzito, tena ndiyo inayozuia miiba ya mkungu. Chini, upande wa mwili, pawe na kitu laini kinachofuata umbo la bega. Ngata ya ugumu mtupu huchubua. Ngata ya ulaini mtupu hubonyea. Zote mbili zikutane.

Tatu, upana. Iwe pana kuliko mti au kamba inayolala juu yake, na ifike mbele na nyuma ya bega. Lakini isipande shingoni, maana itakusukuma kichwa upande, na mtu anayetembea na shingo iliyopinda haoni njia. Wala uzito usikae kwenye ncha ya bega wala juu ya mfupa wa mtulinga. Mahali pa mzigo ni pale penye nyama, kati ya shingo na bega.

Nne, isiteleze. Njia zetu zina tope, na mikono yetu ina mawese. Ngata iliyowekwa tu begani huteleza mtu akiwa katikati ya mtaro, na akitaka kuikamata huanguka pamoja na mzigo. Iliyo bora ni ile iliyoshonwa kwenye kizibao, kama wafanyavyo wale wapiga bunduki, au iliyofungwa kwa utepe unaopita chini ya kwapa. Utepe usikaze sana.

Tano, mabega yote mawili. Kizibao chenye ngata upande mmoja humfanya mtu achukue upande mmoja miaka kumi, mpaka mgongo upinde. Ngata ziwe mbili, na mchukuzi abadilishe bega kila anapopumzika.

Sita, ifuliwe. Imbo ni nchi ya joto, na jasho ni jingi. Sponji iliyonywa jasho na mawese hunuka, huoza, na huleta vipele. Kwa hiyo ngata iwe na mfuko wa pamba unaofunguka, ili ya ndani itolewe na ikaushwe juani. Na kila mtu awe na yake. Kuachiana ngata zamu kwa zamu ni kuachiana magonjwa ya ngozi.

Saba, akina mama waulizwe. Wako wanaochukua wakiwa na mtoto mgongoni, na kizibao kilichokatwa kwa kipimo cha mwanamume hakiwafai. Aliyeagiza vizibao 50 vya kipimo kimoja hakufikiri kwamba nusu ya shamba ni wanawake.

Tena kuna la nane ambalo halihusu ngata bali hutokana nayo. Bunduki hupiga bega kwa sababu inakuja ghafla. Mzigo nao ukirushwa begani na wenzako wawili kutoka juu ya gari, huja ghafla vile vile, na kwa nukta moja bega hupigwa na nguvu kuliko uzito wenyewe. Mzigo usirushwe. Uteremshwe polepole, na anayepokea aseme "tayari" kabla ya kuachiwa.

MZIGO ULIOKUJA PAMOJA NA KIZIBAO

Sasa tuje kwenye haki. Katika mahali pamoja pa kazi kwenye pwani yetu, ambapo hatutapataja, wachukuzi waliomba ngata kwa muda mrefu. Mwisho vizibao vililetwa, watu wakashangilia. Siku chache baadaye kapita akatangaza kwamba kwa kuwa mabega sasa yamekingwa, kila safari itakuwa ya mikungu mitatu badala ya miwili. Tena bei ya kizibao ikakatwa kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ndugu, hapo mchukuzi alipewa nini? Alinunua kwa fedha yake mwenyewe ruhusa ya kuongezewa mzigo. Mwajiri amepata mikungu zaidi, na mgongo wa mtu umelipa.

Haya si mambo ya kubembelezana. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo. Mkataba huo unasema mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kuchukua kwa nguvu za mwili mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya au usalama wake. Unasema pia afundishwe namna ya kuchukua, na kwamba vyombo vya kusaidia vitumike kadiri iwezekanavyo. Pendekezo namba 128 la mwaka ule ule lilitaja kipimo: mahali ambapo mwanamume mzima huchukua zaidi ya kilo 55, zifanywe juhudi haraka kuushusha uzito ufikie hapo. Na mzigo wa wanawake na wa vijana uwe mdogo zaidi sana kuliko huo. Angalieni sasa gunia la kahawa la kilo 60. Mtu mmoja akitwikwa, amekwisha kupita kipimo hata kabla hajapiga hatua.

Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema jambo lingine ambalo kila mjumbe wa sendika alishike kichwani: hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi wa Juni 2022, mkutano wa Shirika hilo huko Geneva uliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi, na mkataba huo wa 155 ukawa mmoja wa mikataba ya msingi. Maana yake ni kwamba nchi zote wanachama zina wajibu wa kuiheshimu haki hiyo. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963. Na sheria yetu ya kazi, iliyorekebishwa mwaka 2020, nayo inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Basi kukata bei ya kizibao kwenye mshahara ni kinyume cha maana yote hiyo.

Wala mtu asituambie kwamba mizigo haipungui. Ulaya mfuko wa saruji ulikuwa wa kilo 50 kama wetu, na leo katika nchi nyingi za huko ni wa kilo 25. Saruji haikuharibika, na nyumba hazikuanguka. Ufaransa, sheria haimruhusu mwanamke kuchukua mzigo unaopita kilo 25. Watu wa huko hawana mifupa dhaifu kuliko yetu. Walidai, wakasikilizwa.

"TUNALIPWA KWA MZIGO"

Wapo wenzetu wanaotujibu hivi: "Ninyi watu wa sendika mnasema vizuri, lakini sisi tunalipwa kwa mzigo. Mkipunguza mzigo, mmepunguza unga wa watoto." Jibu hilo si la kipumbavu, na hatulidharau. Mtu mwenye watoto watano hawezi kula sheria.

Lakini tutazame vizuri. Mtu analipwa kwa safari, na uzito wa safari unapangwa na kapita. Mikungu ikiongezwa kutoka miwili kuwa mitatu na malipo ya safari yakabaki yale yale, mfanyakazi amepunguziwa mshahara bila neno "punguza" kutajwa. Kwa hiyo dai letu la kwanza liwe malipo kwa kilo, yakipimwa mbele ya mchukuzi. Hapo mtu akichukua kilo 25 mara nne, atalipwa sawa na aliyechukua 50 mara mbili, na mgongo wake utamfikisha uzeeni.

Na mizani haina haja ya kununuliwa. Ipo tayari. Kila mahali panaponunuliwa chikichi pana mizani, nayo hufanya kazi siku nzima kuhakikisha kwamba mwajiri hapotezi hata kilo moja. Mizani hiyo hiyo ipime pia mzigo unaowekwa juu ya mtu.

Tena mwajiri ana haraka yake, na tunaielewa. Chikichi zikisha kukatwa haziwezi kulala siku nyingi, maana asidi huongezeka na mawese hushuka thamani. Chikichi zikipondwa kwa kutupwa ovyo huharibika upesi zaidi. Basi kama haraka ni ya kweli, dawa yake ni toroli, ni baiskeli, ni mbao za kuvukia mitaro, ni njia iliyofyekwa hadi ndani ya shamba. Toroli moja inachukua mikungu mingi kuliko mabega ya watu wawili, wala haiumwi. Anayekataa kununua toroli kwa sababu mtu ni rahisi kuliko toroli, huyo ametuambia anatuhesabu kuwa nini.

TUFANYE NINI

Maneno bila kazi ni upepo. Tunapendekeza kila mahali pa kazi, kuanzia hapa Kigwena mpaka Rumonge na Nyanza-Lac, tufanye mambo haya:

1. Tupime mizigo yetu kwa juma moja, tuandike katika daftari: tarehe, aina ya mzigo, kilo, na umbali. Kuandika tarakimu hakuhitaji shule kubwa. Mwenye daftari husikilizwa kuliko mwenye hasira.

2. Tuandike pia kila aliyeumia: bega, mgongo, mguu, au kidonda cha mwiba. Aliyeandikishwa katika INSS anayo haki ya kutazamwa kwa ajali na maradhi ya kazi, lakini ajali isiyoandikwa ni ngumu kuithibitisha. Na yule asiyeandikishwa, sendika idai aandikishwe, hata kama ni kibarua wa siku.

3. Tudai ngata ya bega na ngata ya kichwa kwa kila mchukuzi, bila malipo, zikichaguliwa na wachukuzi wenyewe kwa kujaribiwa na mzigo. Zikichakaa zibadilishwe. Fundi cherehani wa hapa kwetu anaweza kuzishona, na fedha hiyo ibaki hapa.

4. Tudai kikomo cha uzito kiandikwe na kibandikwe ukutani, mahali ambapo kila mtu anakiona, kikiwa chini ya kilo 55 kwa wanaume, na kidogo zaidi sana kwa wanawake na vijana. Mama mjamzito asitwikwe.

5. Mwajiri akileta ngata, tumshukuru na tuipokee. Akileta ngata na mzigo mkubwa zaidi pamoja, tuipokee ngata na tuukatae mzigo, wote kwa sauti moja. Asijitokeze hata mmoja wa kusema, "Mimi nitaweza," ili apendwe na kapita. Huyo leo ataweza. Kesho kipimo chake kitakuwa kipimo cha mzee wa miaka 55 na cha mama aliyejifungua mwezi uliopita.

Vijana, tunawaambia ninyi hasa. Mna mabega mapya, na mnaona fahari kuchukua zaidi ya mwenzenu. Tunajua, maana ujana ndivyo ulivyo. Lakini watazameni wale wazee waliochukua mikungu miaka 30, wanavyoshuka ngazi moja moja wakishika ukuta. Hakuna aliyewapa nishani kwa ule mkungu wa tatu.

Ndugu wafanyakazi, ngata nzuri ni kitu kizuri. Tuichague kwa akili, tuishone vizuri, tuifue. Lakini ngata ni kinga ya bega, haigusi kipimo cha mzigo. Kipimo cha mzigo hutoka katika sheria, na sheria hutekelezwa pale wafanyakazi wanaposimama pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu!

Waandaaji wa sendika, Kigwena